BUSTANI YA NYUMBANI: Dughulushi, Ua la Mwambani



Mwezi uliopita tulimaliza habari za kitalu cha michungwa, tukaahidi kwamba baada ya vitu vya kuliwa tutasema kidogo juu ya maua. Barua zimetufikia, na moja yatupasa kuijibu mbele ya nyingine zote, kwa kuwa jambo lake halingoji. Mwalimu mmoja wa shule iliyo chini ya milima ya Usambara aandika kwamba, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni kwake, pana jabali kando ya kijito, nalo limefunikwa na maua madogo ya urujuani yenye majani laini kama mahameli. Yeye pamoja na wazee wa kanisa wamekusudia siku ya Jumamosi wawachukue watoto wa shule ya Jumapili, na mapanga na vikapu, wayang'oe maua hayo na kuyapanda pande zote mbili za njia iendayo mlangoni pa kanisa. Auliza, Je, yapenda udongo wa namna gani?

Swali ni jema, na nia ni njema pia, maana nyumba ya Mungu yafaa kupambwa. Jibu la udongo litakuja. Lakini kwanza twamsihi sana ndugu yetu mwalimu: Jumamosi hiyo watoto wasiende. Wakienda, haitapita miezi mitatu na njia ya kanisa itakuwa tupu kama ilivyo leo, na jabali nalo litakuwa tupu, wala si rahisi livae tena nguo yake.

Ua hilo, kwa jinsi alivyolieleza, ni dughulushi. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, huliita violeti ya Usambara, na Waingereza huliita violeti ya Afrika. Lakini kwa kweli si wa ukoo wa violeti, ila hufanana nayo kwa rangi tu. Ni mmea mdogo usioinuka. Majani yake hutandazwa duara juu ya jiwe kama sahani, nayo ni manene, yana vinyweleo vingi, na shina la kila jani limejaa maji. Katikati ya majani huchomoza vijiti vyembamba, na juu yake maua mawili, matatu au zaidi, ya urujuani au ya samawati, kila ua na vifuko viwili vya manjano katikati kama punje mbili za mtama. Mmea huu haufi kwa mwaka mmoja kama mahindi. Ukipata unyevu na kivuli huishi miaka mingi, na huchanua tena na tena.

Kwa walimu nina neno la kando. Mkiwa na dughulushi mbili tatu zilizochanua, waonyesheni watoto kijiti chembamba cha kike kinachotoka katikati ya ua. Katika ua moja huinama upande wa kulia, na katika ua jingine huinama upande wa kushoto, hata katika mmea ule ule mmoja. Nyuki akitua huvitikisa vile vifuko vya manjano kwa mtetemo wa mwili wake hata chavua imwagike, na chavua humshika ubavuni. Akienda kwenye ua lililoinama upande wa pili, ubavu ule ndio unaogusa kijiti. Somo kama hili halina gharama yo yote, na watoto hawalisahau.

Habari ya namna ua hili lilivyotoka huku yafaa ijulikane kwa kila mwalimu wa Tanga. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Mtu huyu alijua Kiswahili, hata alitunga kitabu cha kuwafundisha Wajerumani lugha yetu, kilichopigwa chapa mwaka 1890. Alipenda mimea vile vile. Aliliona ua hili, na twadhani alionyeshwa na mtu wa huku aliyeijua njia, akampelekea baba yake huko Ujerumani, ambaye alikuwa mpenda bustani. Baba naye akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa jamaa ya Saint Paul, na la pili, kwa Kiyunani, lamaanisha kwamba ua lake ni kama violeti. Makao yake yalitajwa kuwa mawili: karibu na mji wa Tanga, katika nyufa za majabali ya chokaa, mahali pa chini pasipo mbali na bahari, na juu katika msitu wa Usambara, penye mawe na kivuli.

Tangu hapo halikurudi nyuma. Mwaka ule ule wa 1893 mbegu zake zilianza kuuzwa Ujerumani. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, huko Marekani, walizipanda mbegu kutoka Ulaya wakachagua miche iliyo bora, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili katika nchi hiyo waliunda chama chao. Leo huuzwa vyungu kwa mamilioni, na rangi zake zimezidishwa: meupe, ya waridi, yenye pindo, yenye petali nyingi hata ua lasahau sura yake ya kwanza. Haya ya pindo, mimi siyapendi sana. Lakini kila mtu na macho yake. Wataalamu nao walihesabu aina ishirini hivi, kisha mwaka 2006 wakazipunguza hadi sita, na mwaka 2015 wakaihamisha jamaa yote chini ya jina la Streptocarpus. Mkulima wa bustani asisumbuke kwa hayo. Mmea haujui jina lake, wajua kivuli na maji tu.

Basi mtu aweza kusema: Ikiwa ua hili lipo dunia nzima kwa mamilioni, vikapu vichache vya watoto vitadhuru nini? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Yale mamilioni karibu yote ni uzao wa mimea michache iliyochukuliwa zamani na kuchanganywa-changanywa vyunguni. Dughulushi za msituni ni nyingine, nazo makao yao ni machache sana: milima ya mashariki ya Tanzania, kama Usambara, Nguru na Uluguru, na sehemu chache za pwani, na upande wa Kenya, kilima cha Mbololo katika Taita, na majabali machache ya chokaa katika nchi ya Kilifi na Mombasa. Nje ya hapo hakuna dughulushi iliyoota yenyewe po pote duniani. Tena mara nyingi aina moja huishi katika kilima kimoja, au jabali moja na jirani yake, basi. Jabali likiisha kuvuliwa, pengine aina nzima imepungukiwa na nusu ya watu wake.

Nayo haina haja ya kung'olewa ili ife. Angalieni namna inavyoishi. Mizizi yake ni myembamba na mifupi, haiingii chini. Imeshika kuvumwani na katika udongo mchache uliokusanyika ufani, pengine usiozidi unene wa kidole. Maji haiwezi kuyafuata chini kama mti; huyapata kwa ukungu, kwa matone yanayoteremka jiweni, na kwa hewa yenye unyevu iliyozuiliwa na miti mikubwa juu yake. Amani, katika Usambara ya Mashariki, mvua ya mwaka mmoja yakaribia milimita 2,000, na hata wakati wa kiangazi msitu hukaa na majimaji. Sasa mtu akiikata miti ile ili apande mahindi au migomba, au akifyeka chini yake ili apande iliki, hakuligusa jabali hata kidogo. Lakini jua limeingia. Kuvu hukauka kwanza, kisha udongo ule wa ufani hupeperuka kama vumbi, na majani ya dughulushi huwa meupe, kisha ya kahawia, kisha hayapo. Hivyo ndivyo ilivyopotea mahali pengi pa chini kuelekea Tanga, wala si kwa wachumaji peke yao. Ninasema hivi ili tusiwalaumu watoto kwa kosa la watu wazima. Lakini pale jabali lilipobaki na kivuli chake, na lisimalizwe kwa vikapu.

Mwalimu ajue pia kwamba ikiwa jabali lake li ndani ya hifadhi, haikubaliki kuchukua mmea wo wote bila kibali. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliwekwa mwaka 1997, na misitu mingine ya milima ile imewekewa sheria vile vile. Na ikiwa ni msitu wa kijiji, iko kamati ya maliasili ya kijiji. Yampasa kuiuliza hiyo. Hata ikiruhusu, ombi liwe la jani moja moja, mimea ibaki mahali pake.

Kwa maana hii ndiyo habari njema ya dughulushi: jani moja latosha. Mungu ameuumba mmea huu hivi kwamba jani lililokatwa hutoa mizizi, na kando ya mizizi hutoa watoto, kila mtoto sawasawa na mama yake. Hakuna sababu ya kung'oa hata mmoja.

Tafuteni kwanza mtu aliye nayo nyumbani. Katika Lushoto, Muheza na Korogwe hamtakosa mama mmoja aliyeiweka barazani kwake katika kopo la mafuta. Na mijini huuzwa katika vitalu vya maua. Mmea mzima wenye majani kumi na tano aweza kuutoa majani matatu bila kuona hasara. Msichague jani la nje lililozeeka, wala lile changa la katikati; chukueni la safu ya kati, gumu na lisilo na doa. Kateni kwa wembe safi, si kwa kucha, na mliache na shina lake la upana wa vidole viwili, ncha ikatwe kwa mshazari. Liwekeni kivulini muda wa saa moja hivi hata jeraha likauke. Kisha lichomekeni katika kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga wa mto wa chembe kubwa uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Shina lisizame sana: urefu wa ukucha mmoja au mmoja na nusu watosha, na jani liegemee nyuma kidogo. Nyunyizeni mchanga maji mara moja, kisha lifunikeni kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, ili hewa ya ndani ikae na unyevu kama ya msituni. Kifuniko cha chupa kiwe wazi, maana hewa ikifungwa kabisa jani huoza.

Baada ya hapo ni kazi ya saburi, nayo ndiyo iwashindayo wengi. Wiki tatu au nne za kwanza hamtaona kitu, na watoto watataka kulichomoa jani ili waangalie kama lina mizizi. Wakatazeni. Katika mwezi wa pili au wa tatu vijani vidogo kama masikio ya panya vitachomoza chini ya jani la mama. Viacheni vikue hata viwe na upana wa sarafu, ndipo vitengeni, kila kimoja na kopo lake. Jani moja huweza kuzaa watoto wawili, watatu, hata watano au zaidi. Ua la kwanza litaonekana baada ya miezi minane, pengine mwaka. Basi hesabuni: watoto thelathini wa shule ya Jumapili, kila mmoja na jani lake katika kopo lenye jina lake, mwakani kanisa lina dughulushi sitini au tisini, na jabali halikupungukiwa.

Sasa lile jibu la udongo. Dughulushi haipendi udongo mzito wa mfinyanzi, wala udongo mwekundu wa shambani ushikao maji. Chukueni mafungu mawili ya mboji ya majani iliyooza vema hata ikawa nyeusi na laini. Fungu moja la mchanga wa mto. Na fungu moja la mkaa uliopondwa kwa kadiri ya punje za maharagwe. Mboji ifanyeni nyumbani kwa majani ya mwembe, ya mfenesi au ya parachichi; msiende kuparua udongo wa msituni, maana huko ni kuwanyang'anya wengine chakula. Watu wa pwani waweza kutumia makumbi ya nazi yaliyokatwa-katwa, baada ya kuyaloweka na kuyaosha kwa maji mengi yaondoke chumvi. Samadi mbichi huunguza mizizi, isitiwe. Majivu nayo, ambayo wengi wetu twayapenda kwa mboga, hapa hayafai, kwa kuwa ua hili lapenda udongo wenye uchachu kidogo.

Lakini udongo si kitu kikubwa. Kikubwa ni maji, na hapa ndipo dughulushi nyingi zifapo mikononi mwa watu waipendao. Mtu husikia kwamba ni mmea wa kando ya kijito, apenda unyevu, basi kila asubuhi huumwagia bilauri nzima juu ya majani. Baada ya wiki mbili katikati ya mmea pameoza na majani yateleza. Kumbukeni mwambani inakaaje: imebandikwa ubavuni mwa jiwe, si juu ya tambarare. Mvua ikinyesha, maji hupita mbele yake na kwenda zake. Hayatuami katika moyo wa mmea wala katika mizizi. Unyevu iupendao ni wa hewani na wa kuvumwani, kinamasi haikitaki. Kwa hiyo shikeni udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, mpatieni kopo maji kwa chini: lisimamisheni katika sahani yenye maji muda wa nusu saa, kisha maji yaliyobaki yamwageni. Au mimineni polepole pembeni mwa kopo, majani yasilowe.

Na maji yasiwe ya baridi. Maji ya bomba ya Lushoto katika mwezi wa Juni au Julai huacha madoa meupe juu ya majani ambayo hayaondoki tena. Wengine hudhani ni ugonjwa wakanunua dawa bure. Tekeni maji jioni, yalale ndani ya nyumba, asubuhi yatumieni. Mahali pa baridi kali, kopo lenyewe nalo liingizwe ndani usiku, isipokuwa mmeotesha aina ya juu milimani, kama ile ya Shume, ambayo huvumilia baridi kuliko dada zake wa chini. Wakati wa kiangazi hewa ikikauka, panga makopo pamoja juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, vitako visiguse maji, mvuke utawatosha.

Kwa mwanga, iwe mahali ambapo mtu aweza kusoma kitabu bila taa, lakini jua lenyewe lisimpige. Jua la asubuhi hata saa mbili au saa tatu halidhuru. Jua la mchana laua. Kwa sababu hiyo, ile njia ya kanisa aliyoitaja mwalimu haifai hata kidogo, hata kama udongo wake ungekuwa dhahabu. Njia ya watu haina kivuli. Dughulushi ipewe baraza ya kanisa chini ya upenu, au kingo za madirisha ya upande usiopigwa na jua la alasiri.

Au, ikiwa pana mfenesi mkubwa au mwembe wa zamani katika uwanja, mwaweza kuitengenezea makao yanayofanana na kwao, nayo ndiyo namna niipendayo kuliko makopo. Tafuteni ukingo wa ardhi ulio chini ya kivuli cha mti ule. Pangeni mawe yaliyo mabovu-mabovu, yenye nyufa na matundu, yakilala kwa mteremko ili maji yasituame. Nyufa zijazeni udongo tuliouandika. Kuvu ichukueni ukutani kwenu au nyuma ya tangi la maji, pale ilipoota yenyewe, mkaibandike juu ya mawe na kuinyunyizia kila siku hata ishike. Ikiisha kushika, baada ya mwezi mmoja au miwili, ndipo mpande dughulushi zenu changa, nazo mzipande kiubavu katika nyufa, uso wa mmea ukielekea mbele na chini kidogo kama ulivyo mwambani, wala si kuelekea mbinguni. Hivyo mvua ya masika haitaingia katika moyo wake. Wakati mwema wa kupanda ni mwisho wa masika, mvua kubwa zikiisha kupungua na hewa ingali na unyevu.

Adui wake ni wachache. Wa kwanza ni konokono na koa, ambao usiku mmoja waweza kula majani yote. Waokoteni kwa taa jioni, watoto huipenda kazi hiyo. Wa pili ni vidudu vyeupe kama nyuzi za pamba, hukaa katika makwapa ya majani. Vifuteni kwa kijiti chenye pamba iliyotiwa spiriti kidogo. Wa tatu ni utitiri usioonekana kwa macho: majani ya katikati hukunjamana, huwa madogo na magumu yenye rangi ya kijivu. Mmea ulioshikwa hivyo uchomwe moto mara moja pamoja na udongo wake, hata kama ulikuwa mzuri kuliko yote, kwa maana wote jirani wataupata.

Liko jambo jingine ambalo mtu mwenye huruma aweza kulifanya bila kujua madhara yake. Mkiisha kuwa na miche mingi, msiipeleke mwambani kule kijitoni kwa nia ya kuujaza msitu. Dughulushi za madukani ni machotara. Nyuki atachukua chavua yao na kuitia katika ua la msituni, na mbegu zitakazotoka hazitakuwa tena za aina ile ya kale. Pia mche wa kopo waweza kubeba utitiri tuliousema. Jabali lina watu wake. Likiachiwa kivuli na amani, mbegu zao zilizo ndogo kama vumbi zitajipanda zenyewe.

Mama mmoja wa Bumbuli auliza pia kama jani laweza kusafiri, kwa kuwa binti yake aliyeolewa Morogoro analitaka. Laweza. Lifungeni katika kitambaa au karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa, shina likiwa ndani, kisha mlitie katika kopo dogo au mkebe wa plastiki wenye matundu machache, mkampe abiria wa basi mtakayemwamini. Lisikae juani dirishani wala karibu na injini. Kwa namna hiyo hukaa salama siku tatu, hata nne au tano kukiwa na ubaridi. Likifika likiwa limelegea, lilowekwe shina lake katika maji ya vuguvugu muda wa saa moja, nalo litasimama. Ndipo likatwe ncha upya na kupandwa kama tulivyoeleza. Afadhali kupeleka majani mawili kuliko moja, na kuandika juu ya kopo rangi ya ua na tarehe ya kukata.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari za maua yanayovumilia jua kando ya njia, ili ndugu yetu mwalimu asibaki na njia tupu. Wenye mbegu za maua kama hayo na watuandikie kabla ya katikati ya mwezi.